Glopu haijaungua, umeme umekosa njia ya kurudi

Jumamosi moja niko barazani nimefumua feni ya mteja, mara akaja mtoto wa dada yangu, yuko la sita, kashika betri moja ya tochi, zile kubwa, na kipande cha waya na kiglopu kidogo cha tochi, uso umemkunjamana kama kaibiwa. Shikamoo mjomba. Marahaba, vipi tena? "Hii glopu uliyonipa imeungua."

Nikamwambia hebu nioneshe ulivyofunga. Akaisimamisha betri chini, ncha moja ya waya akaibandika juu kwenye kile kichuma kilichochomoza, ncha ya pili akaigusisha kitako cha glopu, afu akakaa anaitazama. Ndo hivyo tu. Anasubiri iwake.

Sikumcheka, maana huo ufungaji nimeuona kwa watoto wengi sana na hata kwa watu wazima wenye nyumba zao. Mtu anauchukulia umeme kama maji ya bomba, yaani yanatoka kwenye tenki, yanapita kwenye paipu, yanafika kwenye ndoo, kwisha habari. Na ukiangalia nyumbani utamwelewa, kila kitu kinaonekana kina waya mmoja, pasi waya mmoja, feni waya mmoja, chaja waya mmoja. Ila uchune ganda la huo waya wa feni uone kama ndani hazipo mbili, na wa pasi utakuta tatu. Hiyo ya tatu ni athi, ni ya usalama, tuiache kwanza. Hizo mbili ndo habari yenyewe, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi.

Nikamwambia chukua hiyo glopu iangalie vizuri karibu na jicho. Ndani ya kioo kuna kiuzi chembamba kimejikunja kama springi, hicho ni madini ya tungsteni, ndo kinachowaka. Sasa fuata miguu ya hicho kiuzi inaenda wapi. Mmoja unashuka mpaka kwenye kile kidoti cha risasi kwenye kitako, mwingine unaenda pembeni kwenye lile bati lenye reza, ile mistari ya kukazia. Kwa hiyo glopu ina milango miwili, umeme unaingia mmoja unatokea mwingine, na ukigusa kitako peke yake ni sawa na barabara iliyoishia ukutani, hakuna gari itakayopita.

Akakaa nayo kama dakika kumi hivi, mimi nikaendelea na feni yangu. Mara nasikia kelele. Alichofanya ni kusimamisha glopu yenyewe juu ya kichwa cha betri, kitako kinagusa kile kichuma, afu waya wake ule ule mmoja akautoa pembeni kwenye bati la glopu akaurudisha mpaka chini ya betri. Ikawaka! Si sana, betri moja ni volti 1.5 na kile kiglopu ni cha volti 2.5, ila iliwaka na yeye ndo aliyeiwasha. Huo mzunguko kamili, kutoka betri, kupita kwenye glopu, kurudi kwenye betri, ndo tunauita saketi. Ukikatika popote, hata upana wa unywele, hamna kitu.

Basi swali likaja lile ninalolipenda, "mjomba, sasa ukirudi si unakuwa umeshaisha, glopu si imeshautumia?"

Hapa ndo wengi wanapopotea. Mimi mfano wa maji siupendi, natumia cheni ya baiskeli. Wewe unakanyaga pedeli, cheni inavuta gurudumu la nyuma, baiskeli inaenda. Cheni inatoka mbele inaenda nyuma inarudi mbele, na haipungui hata pingili moja, si ndiyo? Kinachotumika ni nguvu ya mguu wako, na jioni ukirudi umechoka ni wewe, cheni haijachoka. Betri ndo mguu, glopu ndo gurudumu la nyuma, na cheni ni vile vitu vidogo sana vilivyomo ndani ya shaba ya waya vinaitwa elektroni. Betri haiziumbi hizo elektroni wala glopu haizili, zipo humo kwenye waya siku zote, hata waya ukiwa umelala dukani kwenye roli. Betri inazisukuma tu. Ikiisha maana yake kemikali zake zimechoka kusukuma.

Hakuamini. Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye ampia, yaani kipimo cha mkondo, wingi wa umeme unaopita, nikaifunga kabla ya glopu ikasoma 0.21, nikaihamishia baada ya glopu ikasoma 0.21 vile vile. Akasema mita yangu mbovu. Watoto bwana.

Mfano wa cheni unasaidia na kitu kingine. Watu wanadhani ukibonyeza swichi elektroni zinatoka kwenye betri zinakimbia mbio mpaka kwenye taa. Wapi! Piga hesabu, kwenye waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba, mkondo wa ampia 0.3 ukipita, elektroni zinasogea kama milimita 0.02 hivi kwa sekunde. Mita moja ya waya inazichukua zaidi ya saa kumi na mbili, yaani ianze safari adhuhuri ifike usiku wa manane umeshapita. Konokono anaziacha mbali. Sasa kwa nini taa inawaka papo hapo? Kwa sababu cheni nzima inaanza kusogea pamoja, ukikanyaga pedeli gurudumu la nyuma halisubiri ile pingili iliyo mbele ifike kwake. Elektroni zilizokuwa ndani ya kiuzi cha glopu tangu zamani ndo zinazoanza kusogea na kukipasha moto.

Hesabu zake sasa, hazitishi. Volti ni nguvu ya kusukuma, mguu umekaza kiasi gani. Ampia ni wingi wa mkondo, cheni kiasi gani inapita kila sekunde. Omu ni ukinzani, ugumu wa njia, kama mlima. Mjerumani mmoja anaitwa Georg Simon Ohm ndo aliyezifunga pamoja na kuzichapisha mwaka 1827, kwamba volti ukizigawa kwa omu unapata ampia. Betri mbili za tochi zikipangwa moja nyuma ya nyingine zinatoa volti 3, ukinzani ukiwa omu 10, mkondo ni ampia 0.3. Ugumu ukizidi mara mbili, mkondo unabaki nusu. Kwa glopu usiitumie kikavu sana maana kile kiuzi kikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo kuliko kikiwa cha moto, ndo maana glopu za zamani zilikuwa zinapenda kuungua pale pale unapowasha, si zikiwa zimeshawaka, mkondo wa mwanzo unakuja kwa fujo.

Mambo yalinoga tulipoongeza glopu ya pili. Kuna namna mbili za kufunga. Ya kwanza ni mfuatano, mkondo ukitoka glopu hii unaingia hii nyingine ndo unarudi, barabara moja yenye milima miwili. Zote zinafifia, na ukichomoa moja na mwenzake anazima. Ya pili ni sambamba, kila glopu ina njia yake ya kwenda na kurudi kwenye betri, zote zinawaka vizuri, ukichomoa moja nyingine haina habari. Ila betri sasa inasukuma mkondo mara mbili na inakufa mapema, hakuna cha bure hapo.

Nyumba zote zinafungwa sambamba, ndo maana ukizima taa ya sebuleni friji halizimi. Na hili mimi nililijua kwa aibu. Nikiwa bado najifunza ufundi, fundi wangu aliniachia vyumba viwili nimalizie mwenyewe, enzi hizo glopu za wati 60, nikavuta waya kutoka taa ya chumba cha kwanza kwenda ya pili, badala ya kurudisha kila moja kwenye nyutro yake, yaani ule waya wa kurudi, mimi nikaziunga mkia kwa kichwa. Tukawasha. Glopu zote mbili zikawa nyekundu nyekundu kama makaa yanayozimika, maana volti 230 zimegawana, kila moja imepata nusu. Mama mwenye nyumba akaziangalia, akaniangalia, akasema "mwanangu, vibatari ninavyo, mimi nilikuwa nataka umeme." Mpaka leo nikifunga taa mbili nayasikia hayo maneno.

Sasa shoti. Mtoto aliuliza, kama umeme unataka tu kurudi, si niunge waya moja kwa moja toka juu ya betri mpaka chini, glopu ya nini? Nikamwacha ajaribu kwa betri moja ya kawaida, sekunde mbili tatu tu, akauachia mwenyewe maana ulianza kumchoma vidole. Njia haina mlima, ukinzani ni karibu na sifuri, kwa hiyo mkondo unakuwa mkubwa kadiri betri inavyoweza na nguvu yote inageuka joto kwenye waya na ndani ya betri. Hiyo ndo shoti. Kwa betri ya tochi inaishia kwenye kidole, kwa betri ya simu msijaribu kabisa, inavimba na kuwaka moto, na kwa umeme wa ukutani tunazungumzia nyumba kuungua. Fyuzi kazi yake ni hiyo, ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili mkondo ukizidi uungue yeye wa kwanza akate saketi. Halafu unakuta mtu fyuzi imeungua anaweka kipande cha waya mnene au msumari, "sasa haiungui tena." Kweli haiungui, itaungua nyumba.

Na hili watoto mnisikilize vizuri, majaribio yote ni ya betri za tochi. Soketi ya ukutani hapana, hata kwa tesita. Kunguru anakaa kwenye waya wa umeme uchi haumfanyi kitu kwa sababu miguu yote miwili iko kwenye waya ule ule, mwilini mwake hakuna njia ya kurudi. Wewe ukiwa umesimama chini, tena pekupeku kwenye tope, ardhi yenyewe ndo njia ya kurudi, maana kule kwenye transfoma nyutro imezikwa ardhini. Hujashika waya wa pili lakini saketi imekamilika, na wewe ndo glopu.

Wanaotaka kutengeneza betri yao wenyewe wachukue ndimu, msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, na kipande cha waya wa shaba. Vichomeke kwenye ndimu bila kugusana, mita itasoma karibu volti 0.9. Ni ujanja ule ule wa Alessandro Volta wa mwaka 1800, yeye alipanga sahani za zinki na za shaba na kati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Ila msije mkafunga kiglopu cha tochi hapo mkalia, ndimu ina volti lakini ampia ni kiduchu mno. Ndimu tatu au nne kwa mfuatano zinawasha kitaa kidogo chekundu cha LED, kwa mwanga hafifu, usiku ndo utauona. Hicho kina upande, mguu mrefu ni chanya, ukigeuza hakiwaki na wala hakijaharibika.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa bodaboda hapo jirani akaja na pikipiki yake, taa ya nyuma inawaka kwa kusinzia, keshabadilisha glopu mara mbili. Mimi nilikuwa nanawa mikono. Yule mtoto kachuchumaa kwenye tairi, anaangalia, afu ananiita, mjomba, hapa kwenye taa unaingia waya mmoja tu, wa kurudi uko wapi?

Nikamwambia tafuta.

Akazunguka na kidole toka kwenye holda ya taa, skrubu, kipande cha chuma kinachoshika madigadi, mpaka kwenye fremu. Kwenye pikipiki yake bodi yenyewe ya chuma ndo waya wa kurudi, betri ya volti 12 upande wa hasi umefungwa kwenye fremu, kama zile tochi za bati ambazo ganda lake ndo njia ya kurudi. Pale kwenye skrubu palikuwa pamejaa kutu, na kutu ni mlima. Jamaa wa bodaboda alikuwa ananunua glopu mpya wakati ugonjwa uko kwenye skrubu.

Mtoto akaomba msasa, akasugua mpaka chuma ikang'aa, tukakaza, taa ikawaka mpaka ukuta wa jirani ukawa mwekundu. Jamaa akatoa mia tano akampa yeye, si mimi.

Ile mita yangu bado anasema ni mbovu.