Kiambaza cha roshani melini: wanayosema marafiki na ukweli wenyewe

Mbeya haina bahari, ila haikosi wataalamu wa bahari. Kikundi cha kuweka na kukopa kikishaanza kuchangia safari ya meli ya kitalii, mazungumzo huanzia Mwanjelwa, yanapanda Uyole, yanafika hadi Makambako na Iringa, na kote huishia palepale: tuchukue vyumba vyenye roshani vinavyopakana, watufungulie ule ukuta wa katikati, tukae sote kama familia moja.

Wazo ni zuri, na linatekelezeka. Huwa napangia watu safari, na hili ni miongoni mwa mambo ya kwanza ninayoulizwa. Tatizo ni kwamba kila anayeuliza anakuja na jibu lake mfukoni, alilopewa na mtu aliyesikia kwa shemeji yake wa Dar es Salaam. Mengi ya majibu hayo si uongo mtupu. Ni ukweli uliokatwa mkia.

Kwanza tuelewane. Roshani (wengine husema balkoni) ni kile kibaraza cha nje ya chumba, upande wa bahari. Kati ya roshani yako na ya jirani kuna kiambaza, bamba jembamba la chuma au la kioo kisichoonyesha. Katika meli nyingi bamba hilo lina bawaba na kufuli, kwa hiyo hufunguka kama mlango. Hicho ndicho kinachogombewa.

"Bawaba zile ziliwekwa kwa ajili ya makundi kama letu"

Hili linaaminiwa na karibu kila mtu, hata na waliokwisha kusafiri. Ukweli wake una moto ndani.

Usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 23 Machi 2006, mnamo saa tisa, meli Star Princess ilikuwa safarini kutoka Grand Cayman kwenda Montego Bay, Jamaika. Moto ulianzia kwenye roshani moja. Wachunguzi walihitimisha kwamba chanzo, kwa uwezekano mkubwa, kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa bila kuzimwa. Viti vilikuwa vya plastiki, vigae vya sakafu vilikuwa vya plastiki, na viambaza vyenyewe vilikuwa vya polikaboneti, ambayo nayo ni plastiki. Ndani ya dakika chache moto ulikuwa umeruka roshani kwa roshani na kupanda sitaha (ghorofa za meli) za juu. Abiria mmoja alifariki, wengine waliathiriwa na moshi, na vyumba zaidi ya 250 viliharibiwa na moto, moshi au maji.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba mle ndani vyumba vilikuwa na vinyunyizio vya maji na vitambua moshi, lakini nje kwenye roshani hapakuwa na kitu. Roshani zilihesabiwa kama hewa tupu. Baada ya hapo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule unaojulikana kama SOLAS, ulirekebishwa. Meli za abiria zilizojengwa kuanzia tarehe 1 Julai 2008 zinatakiwa viambaza vya roshani visiwe vya kitu kinachowaka. Tena, vile visivyobeba uzito wa meli lazima mabaharia waweze kuvifungua kutoka upande wowote, ili wapite wakiwa na mipira ya maji wakazime moto.

Kwa hiyo mlango ule ni wa mabaharia. Marafiki wanaoazimwa njia hiyo wakapunge upepo pamoja wamefadhiliwa tu. Ukilishika hilo, maswali mengine karibu yote yanajijibu yenyewe: kwa nini mwenye ufunguo si wewe, kwa nini unaweza kukubaliwa leo na kukataliwa kesho, na kwa nini hakuna anayekuahidi kwa maandishi.

"Tukishalipia vyumba viwili vya jirani, kufunguliwa ni haki yetu"

Sivyo. Umelipia vyumba. Kufungua kiambaza ni ombi, na anayeamua ni watu wa meli. Kampuni nyingi zinakubali bila taabu, mradi wenye vyumba vya pande zote mbili wawe wameridhia. Lakini kuna viambaza visivyofunguka hata nahodha akitaka, kwa sababu si mabamba bali ni kuta za chuma zinazobeba mwili wa meli. Halafu meli nzima imegawanywa kwa kuta za kuzuia moto, na kila kipande kwa kawaida hakizidi mita 48 kwa urefu. Chumba chako kikiangukia upande mmoja wa mpaka huo na cha rafiki yako upande wa pili, mara nyingi mtabaki kuongea kwa kuchungulia tu. Kuna meli nyingine ambazo viambaza hupishana: kimoja cha kufunguka, kinachofuata cha kudumu, hivyo hadi mwisho. Hapo vyumba huenda viwiliviwili, na ukikosea jozi umekosa.

Meli zilizojengwa kabla ya 2008 hazibanwi na kanuni ile ya kufungulika. Zipo kati yake ambazo viambaza vyake hufunguka vizuri kabisa, na zipo ambazo havifunguki. Ndiyo maana jibu la "ndiyo, nilisafiri, walitufungulia" halisaidii mpaka msemaji akutajie meli gani, sitaha gani na vyumba namba ngapi.

Cha kufanya ni kuuliza kabla ya kulipa, kwa namba za vyumba, wala si kwa maneno ya jumla. "Je, kiambaza kati ya 9214 na 9216 kinafunguka?" Wakala anayejua kazi yake atapiga simu kampuni akuletee jibu. Asiyeijua atakwambia usijali, mama, mtafunguliwa. Huyo mhame.

"Namba zikifuatana, vyumba vinapakana"

Nimeandika 9214 na 9216 kwa makusudi. Katika meli nyingi namba shufwa ziko ubavu mmoja na namba witiri ubavu wa pili. Anayechukua 9214 na 9215 akidhani amepata jirani anaweza kujikuta yeye anatazama machweo huku mwenzake akitazama upande wa pili wa dunia, kati yao kukiwa na korido mbili, ngazi na lifti. Tazama ramani ya sitaha, na uitazame ya meli yenyewe, kwa maana kampuni hazifanani.

Hapa pia ndipo penye mtego wa bei. Kuna nauli nafuu ambayo unalipia aina ya chumba, kisha kampuni inakuchagulia namba yenyewe baadaye. Wanakikundi wetu huipenda, maana ni pesa inayookolewa na hakuna Mnyakyusa wala Mhehe niliyemwona akikasirikia punguzo. Lakini ukiichukua, mmoja wenu anaweza kuwekwa karibu na omo, mbele ya meli, na mwingine karibu na tezi, nyuma kabisa. Kama kukaa pamoja ndiyo sababu ya safari, lipieni vyumba mlivyovichagua wenyewe, na mapema, kwa sababu jozi nzuri huondoka kwanza.

"Ni kitu kilekile na vyumba vya kuunganika"

Hapana. Vyumba vya kuunganika vina mlango wa ndani kati ya chumba na chumba, unaofungwa na kufunguliwa pande zote mbili. Vinawafaa zaidi wenye watoto. Vyumba vya kupakana vimegusana tu. Ukifunguliwa kiambaza, mmeunganika kwa nje, na njia ya kwenda kwa mwenzako ni kutoka kwenye upepo. Tena vyumba vyenye mlango wa ndani ni vichache katika kila meli, wakati viambaza vya kufunguka ni vingi. Mama mwenye mtoto wa miaka minne asikubali kimoja kwa kudhani amepata kingine.

"Tutafungua wenyewe, kwani ni kufuli gani hilo"

Kila kikundi kina fundi wake. Bisibisi ibaki nyumbani. Kufuli lile lina ufunguo maalumu, na kulichezea ni kuharibu kifaa cha kuzimia moto. Anayeombwa ni mhudumu wa chumba, siku ya kwanza, mkishaingia na mabegi. Kama hana ruhusa atawapelekea walio juu yake. Mwambieni wote mkiwepo, asije akadhani mmoja wenu anamlazimisha mwenzake.

Kuhusu kumpa chochote: wengi huniuliza "ya chai" ni shilingi ngapi ili afungue. Kwa kawaida huduma hiyo haina bei. Mhudumu ukimshukuru mwisho wa safari kwa kazi yake yote, hiyo ni adabu ya melini na wengi hufanya hivyo. Kumwonyesha noti mlangoni siku ya kwanza kunamweka pabaya tu.

"Roshani ikishakuwa moja, watu wawili wa ziada hawaonekani"

Hii husemwa kwa kucheka, lakini husemwa. Kila abiria ana kadi yake yenye picha, anahesabiwa akipanda na akishuka, na kila chumba kina idadi yake ya juu kabisa. Idadi hiyo inafungamana na nafasi za boti za kuokolea na kituo cha kukusanyika panapotokea hatari. Baada ya meli Costa Concordia kupinduka pwani ya Italia tarehe 13 Januari 2012 na kuua watu 32, kanuni ilibadilishwa: tangu Januari 2015 abiria wapya lazima wapitishwe kwenye zoezi la usalama kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Hamtakosekana, wala hamtazidi.

Na jambo dogo linalosahaulika: marafiki wa vyumba viwili wanaweza kuwa na kituo kimoja au viwili tofauti. Someni kadi zenu. King'ora kikilia, kila mtu aende kwenye kituo chake, asipite kwenye roshani kumtafuta mwenzake.

"Kwa kuwa ni sisi wenyewe, milango ya vioo tuiache wazi"

Usiku funga. Kiambaza kikiwa wazi, mlango wa kioo wa roshani yako ndio mlango wako wa mbele kwa mtu yeyote aliyealikwa na jirani yako. Kikundi chenu mnafahamiana. Wageni wa chumba cha pili waliopatikana jana kwenye muziki je?

Kuna na suala la upepo. Watu wa Mbeya tunajisifu kwa baridi, na aliyeamka Uyole mwezi wa Julai ana haki ya kujisifu, lakini meli inayokwenda noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) inatengeneza upepo wake yenyewe wa kilomita 37 kwa saa hata kama bahari imetulia. Fungua mlango wa korido wakati wa kioo uko wazi, na mlango utabamizwa kwa nguvu ya kuvunja vidole. Viyoyozi navyo katika meli nyingi huacha kupoza mlango wa roshani ukiwa wazi, kisha mtu anakwenda mapokezi kulalamika kwamba chumba chake ni kibovu. Upepo ukizidi baharini, mabaharia watakuja kufunga kiambaza bila kuomba radhi sana, kwa sababu bamba linalopigapiga hung'oka.

"Watoto watapata uwanja wa kuchezea"

Watapata uwanja wenye viti na meza vya kupandia, kando ya ukingo. Sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu usalama wa meli za kitalii inataka ukingo wa kimo cha inchi 42, kama sentimita 107, na kimo hicho kinamtosha mtu aliyesimama sakafuni. Mtoto aliyesimama juu ya kiti hakimtoshi. Kiambaza kikifunguliwa, roshani unayopaswa kuichunga imekuwa ndefu mara mbili, na viti vimekuwa mara mbili. Mimi kikundi chenye watoto wadogo huwashauri waache kimefungwa. Wengine hununa, lakini hilo ndilo jibu langu.

Sigara sitaisemea sana. Meli nyingi zimeipiga marufuku kwenye roshani na hutoza faini, na mmeshasoma kwa nini.

Kinachobaki ni cha ugomvi wa nyumbani. Vyumba vikiwa vitatu na viambaza viwili vimefunguliwa, aliye katikati ndiye njia ya wote: wa kushoto akimtaka wa kulia, anapita mbele ya kioo chake, mwenye chupa ya chai anapita, mwenye kusali alfajiri anapita. Vyumba hivyo mara nyingi huwa vya bei moja, kwa hiyo wanakikundi hupiga kura bila kufikiri. Msipige kura. Chumba cha katikati mpeni yule anayelala usingizi wa pono, au yule ambaye hata Mbeya nyumba yake haikauki wageni.