Karakana ya nguzo za miti Dodoma: dhana potofu na ukweli wake

Katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, mwenye shamba ambaye pia ni seremala, mchomeleaji au fundi wa pawatila na mashine za kukamua alizeti hutamani karakana yake mwenyewe, yenye kivuli, nafasi pana na sakafu imara. Jengo linalomfaa kwa gharama yake ni lile ambalo nguzo za miti hufukiwa ardhini na kubeba paa lote, huku kuta zikiwa za kuziba tu, kiasi kwamba hata zikiondolewa paa hubaki mahali pake. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi anaoupata unatokana na nyumba ya tofali, ambayo husimama kwa kanuni nyingine.

“Jengo la nguzo ni banda la muda”

Dhana hii inashangaza kusikika Ugogoni, kwa sababu tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, lilijengwa kwa kanuni hiyo hiyo: nguzo za miti ndizo zilizobeba paa zito la udongo, na ukuta wa fito na udongo ulikuwa wa kuziba. Nguzo nyingi za umeme tunazoziona barabarani nazo ni miti ya mikaratusi iliyotiwa dawa, na hukaa ardhini miaka mingi zikibeba nyaya katika jua, mvua na upepo. Uhai wa jengo la namna hii huamuliwa na hali ya nguzo pale inapoingia ardhini, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

“Ukipaka oili chafu au lami, mchwa hawagusi”

Oili chafu hukaa juu ya mti. Haipenyi ndani kwa kina cha maana, na mti unapokauka hupasuka, nyufa zikafungua njia ya mchwa kuingia sehemu ambayo haikuguswa na oili. Aidha, oili hiyo huchafua udongo, jambo lisilofaa kwa mtu anayelima au kuchimba kisima jirani. Lami huzuia maji kwa muda, lakini nayo ikichubuka sehemu moja, unyevu huingia na kufungiwa ndani.

Nguzo iliyotiwa dawa kiwandani hupitia njia tofauti. Miti iliyokaushwa huingizwa katika tangi la chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo kubwa. Hata hivyo, katika mkaratusi dawa hushika zaidi sehemu ya nje ya mti, kwa kuwa kiini huikataa. Nguzo hiyo kwa hakika ni kiini kisicho na dawa kilichozungukwa na ganda lenye dawa, na mwenye kulielewa hili hataruhusu fundi akate upande wa chini wa nguzo ili kuifupisha. Kipande cha kukatwa ni cha juu, kitakachokaa chini ya bati, na upande uliotoka kiwandani ukiwa mzima ndio unaoshuka shimoni. Vivyo hivyo, mti usitobolewe wala kuchongwa karibu na usawa wa ardhi bila ulazima, na mahali palipotobolewa papakwe dawa kabla ya bolti kuingia.

Hapa nisisitize jambo la afya. Dawa inayotumika sana kwa nguzo hizi huwa na shaba, kromu na aseniki. Vipande vinavyobaki visichomwe wala kupelekwa jikoni kama kuni, kwa sababu moshi na majivu yake yana sumu. Mama wa nyumbani na watoto waambiwe waziwazi, maana kipande kikavu cha mti uani hakimwambii mtu kwamba kina sumu.

“Zege likizunguka nguzo, haiozi”

Mti huoza mahali unyevu na hewa vinapokutana, yaani kwenye usawa wa ardhi na chini yake kidogo. Zege lililomwagwa kuizunguka nguzo na kuishia na uso ulio bapa, au mbaya zaidi uliobonyea, hukusanya maji ya mvua mahali hapo hapo. Zege ni jema likitumiwa vizuri: bamba la zege chini ya nguzo ili isizame, zege au udongo wenye changarawe ulioshindiliwa kwa tabaka pembeni, na juu yake mteremko unaosukuma maji mbali na mti. Shina la nguzo, pale inapotokeza ardhini, libaki linaonekana. Mchwa wakipanda hujenga njia zao za udongo juu ya mti, na mwenye karakana anayepita na kuzikwangua mapema huokoa nguzo. Anayerundika mbao, magunia na vyuma chakavu kwenye mashina ya nguzo huwafichia mchwa kazi yao.

“Ardhi ya Dodoma ni ngumu, shimo fupi linatosha”

Ugumu wa ardhi ya kiangazi si ushahidi wa uimara wake. Kongwa ina historia inayothibitisha hili: mradi mkubwa wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ulikwama, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa udongo ulikauka na kuwa mgumu hata ukaharibu mashine, na mradi ukaachwa mwaka 1951. Udongo huo huo hulainika mvua inaponyesha, na nguzo iliyosimama imara mwezi Oktoba inaweza kulegea mwezi Februari.

Udongo mweusi wa mbuga ni hatari zaidi, kwa sababu huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na mwendo huo huisukuma nguzo juu na pembeni mwaka baada ya mwaka. Tembea kwenye kiwanja mwishoni mwa kiangazi. Ukiona nyufa pana zinazoingia ndani ya ardhi, tafuta sehemu ya mwinuko yenye udongo mwekundu wa kichanga, au umwite mhandisi kabla ya kununua hata nguzo moja. Katika udongo mzuri, kina cha mita 1 hadi 1.2 ni mahali pa kuanzia hesabu kwa karakana ya kawaida, na jengo refu au lililo wazi huhitaji zaidi. Michoro ya majengo haya kutoka Marekani, ambako yalienea mashambani kuanzia miaka ya 1930, hukadiria uzito wa theluji na kina cha ardhi inayoganda. Dodoma haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo michoro hiyo isinakiliwe bila hesabu mpya.

“Uzito wa paa utalishikilia jengo”

Uzito wa tembe ulilishikilia tembe. Mita moja ya mraba ya udongo wenye unene wa sentimita 15 ina uzito unaozidi kilo 200, ilhali bati la eneo hilo halifiki kilo 5. Tulipohama kutoka paa la udongo kwenda paa la bati, tulihama pia kutoka jengo linalokandamiza ardhi kwenda jengo ambalo upepo unaweza kulinyanyua. Karakana iliyo wazi upande mmoja ina hatari maradufu, kwa kuwa upepo huingia ndani na kusukuma bati kwa chini, wakati upepo unaopita juu ya paa unalivuta.

Kwa sababu hiyo kila kiungo kifungwe kwa kuzingatia kwamba kitavutwa kwenda juu: bati kwenye papi (mbao zinazolibeba), papi kwenye kenchi (fremu ya paa), kenchi kwenye nguzo kwa bolti au mkanda wa chuma, na nguzo kwenye ardhi kwa vipande vya nondo vilivyopenyezwa karibu na ncha yake ya chini, ndani ya shimo, na kumezwa na zege, huku matundu yake yakipakwa dawa kwanza. Kiungo kimoja kikiachiwa misumari miwili, uimara wa vingine haufai kitu. Pembe za jengo nazo zipigwe mbao za mshazari, kwa sababu hakuna ukuta wa tofali wa kulizuia lisiyumbe.

Upepo wa kiangazi Dodoma hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo mlango mkubwa au upande ulio wazi uelekee kaskazini. Urefu wa jengo ukilazwa mashariki-magharibi, jua la asubuhi na jioni litapiga kuta fupi tu.

Kuhusu bati, umeme na kibali

Wapo wanaoamini kwamba geji 30 ni nene kuliko geji 28, kumbe namba inavyopanda bati huwa jembamba zaidi. Wapo wanaonunua mashine ya kuranda inayohitaji umeme wa njia tatu kabla ya kuuliza kama laini ya umeme kijijini ni ya njia moja. Na wapo wanaodhani kwamba shambani hakuna sheria. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na hati ya hakimiliki ya kimila ni kinga ya kweli kwa anayejenga kitu cha kudumu. Maeneo mengi yenye sura ya kijiji, kama Nala na Zuzu, yamo ndani ya Jiji la Dodoma, ambako kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji.

“Mvua ni chache, gata za nini?”

Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, lakini hushuka kwa vishindo kati ya Desemba na Aprili, na mafuriko ya ukanda huu yamekata reli kati ya Kilosa na Gulwe mara nyingi. Paa la mita 100 za mraba hupokea zaidi ya lita 55,000 kwa mwaka. Bila gata, maji hayo yote huanguka kwenye mstari wa nguzo na kulainisha udongo unaozishika. Gata zikiwekwa, tangi likakaa mbali kidogo na nguzo, na sakafu ikainuliwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, sehemu kubwa ya maji hayo hutumika kwa mifugo, bustani na kazi za karakana yenyewe.