Cheti cha thieta hakimpeleki mtu chuo cha udaktari

Alhamisi usiku nilikuwa nimetoka zamu, sijavua hata viatu, ujumbe ukaingia. "Habari za majukumu dokta. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, PCB. Naomba umtafutie nafasi thieta hata wiki mbili apate cheti. Wenzake wanasema bila hicho cheti Muhimbili hawamchukui." Thieta ni chumba cha upasuaji. Ni ujumbe wa nne wa aina hiyo tangu mitihani iishe Mei. Watatu wa kwanza niliwajibu mmoja mmoja kwa upole. Huu wa nne nimeona niujibu mahali ambapo kila mzazi ataukuta.

Nianze na lililo rahisi. Chuo cha udaktari hapa Tanzania kinampanga mhitimu wa kidato cha sita kwa matokeo ya NECTA, baraza la mitihani. Fizikia, Kemia, Baiolojia, ndiyo hiyo PCB. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Unajumlisha, unashindanishwa na wenzako. Tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, hayapiti tena kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na dirisha linafunguliwa matokeo yakishatoka, kwa kawaida Julai. Hakuna usaili, hakuna barua ya kujieleza. Hata tabibu mwenye stashahada, aliyeshona vidonda kituo cha afya miaka minane, akitaka kusoma MD, shahada ya udaktari, anaulizwa GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 na vyeti vyake vya kidato cha nne. Ile miaka minane haimwongezei kitu. Naona ni makosa, lakini ndivyo ilivyo, na mzazi anayehangaika kutafuta cheti cha wiki mbili angemfaa zaidi mwanawe kwa kumsaidia kusoma vigezo vya kila chuo.

Najua imani hii imetoka wapi. Vijana wanatazama video za wenzao wa Uingereza na Marekani. Uingereza mwombaji ana miaka 17, anatuma maombi kufikia katikati ya Oktoba, anaruhusiwa kuchagua vyuo vya udaktari vinne tu, kisha anaitwa kwenye usaili na kuulizwa aliona nini alipokaa na wagonjwa. Marekani mtu anamaliza shahada nyingine kwanza ndipo aombe udaktari, na saa alizokaa nyuma ya daktari zinahesabiwa na kuandikwa. Kwao jambo hili lina uzito wa kweli. Lakini hata huko Uingereza, baraza la vyuo vyao vya udaktari linasema waziwazi kwamba si lazima iwe hospitali. Kijana aliyewalisha na kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee anakubalika, mradi aweze kueleza alichojifunza pale. Sehemu hiyo ya video vijana wetu hawafiki. Wanaishia kwenye picha ya mtu amevaa kofia ya kijani.

Sasa, je, kijana asije hospitali kabisa? Aje. Namtaka aje. Nitakachokataa ni thieta.

Thieta ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa mtu anayetaka kujua kama udaktari unamfaa. Fikiria anachokiona. Mgonjwa amelala, amefunikwa, kimebaki kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sahani. Kijana amesimama hatua mbili nyuma kwa sababu haruhusiwi kugusa kitu kisafi, kwa hiyo anatazama mgongo wa daktari wa upasuaji kwa saa mbili. Akizirai, muuguzi anamwacha mgonjwa kumshughulikia yeye. Akitoka hapo anasema ameona udaktari. Hajaona mgonjwa akieleza tumbo lilianza kuuma lini, akikosea siku, akirudi nyuma, akisahau, akificha kwamba alipitia kwa mganga wa kienyeji kwanza. Hajamwona mke wa yule mgonjwa amekaa kwenye benchi nje ameshika karatasi ya vitu vya kununua, anahesabu hela. Hajaona saa nane mchana, foleni ya watu 60, daktari hajala, na mtu wa 41 anaanza na neno, "Dokta, mimi mwili wote."

Huyo wa 41 ndiye kazi yenyewe. Kijana akikaa karibu na meza hiyo siku tano, akasikiliza, ataondoka na kitu. Atajua kama anaweza kuvumilia kumsikiliza mtu wa 41 kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mimi mwenyewe kuna siku siwezi, na nimo kwenye kazi hii mwaka wa 14.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aende wapi, namwambia zahanati ya karibu, siku ya kliniki ya watoto. Kuna mzani wa kuning'iniza, kuna foleni ya akina mama tangu asubuhi, kuna kadi za kujaza. Kijana anaweza kupanga kadi, kuwaelekeza watu chumba cha sindano, kubeba mtoto mmoja mama akimshughulikia pacha wake. Wodini aje saa za chakula. Kuna wagonjwa hawana ndugu, na uji unapoa juu ya kabati kwa sababu hakuna wa kuwainua waketi. Kumwinua mzee, kumshikia kikombe, kumsubiri ameze, ni dakika 25. Muuguzi wa zamu mwenye wagonjwa 30 hana dakika 25. Hapo kijana ana faida ya kweli, na hamdhuru mtu.

Na sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: kushika. Wakishaingia wanataka kushika. "Dokta, naweza kuchoma sindano moja tu?" Hapana. "Kutoa damu?" Hapana. "Kuweka dripu?" Hapana, na nikisema hapana mara ya tatu naomba nisiulizwe mara ya nne.

Sindano ikimchoma kijana kidoleni, tuna saa 72 za kumwanzishia dawa za kinga ya VVU, na atazimeza siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya mwisho inachomwa mwezi wa sita tangu ya kwanza. Mtu wa wiki mbili hawezi kuzimaliza. Mzazi aliyeniomba "nafasi tu" hajui kwamba ameniomba nimweke mwanawe hapo. Na hiyo ni upande wa kijana. Mgonjwa je? Alikuja kutibiwa, hakuja kuwa mkono wa majaribio wa mtoto wa rafiki yangu.

Kuna swali ambalo vijana wananiuliza na linaniuma kwa sababu lina haki: "Mbona yule mzungu alishika?" Nilipokuwa daktari mtarajali, yaani wa mwaka wa mafunzo kazini baada ya chuo, hospitali niliyokuwepo ilipokea vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka 18 na 19, wengine hawajaanza hata mwaka wa kwanza wa udaktari. Walikuwa wameilipa kampuni ya kwao iliyowapangia safari, malazi na wodi. Nilimkuta mmoja wodi ya wazazi amevaa glavu anajiandaa kupima njia ya mama aliye kwenye uchungu. Hajui Kiswahili hata neno moja. Nilimwambia atoke. Akashangaa kweli, akanijibu kwa heshima kwamba aliambiwa huku inaruhusiwa. Huko kwao asingeruhusiwa hata kuvuta pazia la kitanda kile. Muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, ulitoa mwongozo mwaka 2011 ukiwaambia wanafunzi wao wasifanye nje ya nchi kile wasichoruhusiwa kufanya nyumbani. Mwongozo ulikuwepo. Mama yule kitandani hakuwa na habari nao.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wetu ni hili: yule alishika kwa sababu sisi wenyeji tulinyamaza, na mimi nilinyamaza mara kadhaa kabla ya siku ile. Sitalipa kosa hilo kwa kukuruhusu na wewe.

Simu nayo. Kijana mmoja aliyekuja kwetu alipiga picha amevaa koti jeupe la kuazima, akaiweka kwenye status. Nyuma yake palikuwa na ubao wa wodi wenye majina na magonjwa. Jirani wa mgonjwa mmoja akausoma. Mgonjwa yule alikuwa hajamwambia mume wake. Tangu hapo simu inabaki kwa Muuguzi Mfawidhi hadi saa ya kuondoka, na koti jeupe hakuna.

Kuna jambo hapa ambalo sijalipatia jibu. Kabla kijana hajakaa kwenye chumba changu namuuliza mgonjwa, "Mama, huyu kijana anataka kusomea udaktari, una shida akikaa hapa akasikiliza?" Karibu wote wanasema hawana shida. Miaka yote hii waliokataa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu aliyetoka kijijini saa kumi usiku, aliyesubiri foleni saa tano, atamkatalia daktari anayemtegemea? Nimejaribu kumtoa kijana kwanza nje ndipo niulize, na idadi ya wanaokataa imepanda kidogo. Nahisi bado wengi wanakubali kwa woga. Kwa magonjwa ya siri na kwa wajawazito siulizi tena, kijana anatoka tu.

Na kuna suala la nani anapata. Mimi niliingia wodini nikiwa kijana kwa sababu mama mdogo alikuwa muuguzi. Mtoto wa daktari anaingia kwa simu moja. Mtoto wa mkulima wa mpunga hana wa kumpigia, na akisoma kwamba bila uzoefu hachaguliwi, anakata tamaa kwa uongo. Ndiyo maana naugombania ukweli huu kwa nguvu.

Mwaka juzi alikuja binti kuomba nafasi, amenyooka, barua mkononi. Nikamuuliza kama ameshawahi kukaa hospitali. Akasema hapana. Tukaendelea kuongea, ikatoka kwamba alimuuguza bibi yake miezi mitatu, hospitali ya rufaa, akilala chini ya kitanda kwenye mkeka. Alijua bibi anageuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Alijua muuguzi gani anaitikia usiku na yupi haitikii. Alijua mkojo kwenye mfuko ukibadilika rangi amwite nani. Alimwona daktari mmoja akimweleza bibi ugonjwa wake, na mwingine akiongea juu ya kichwa cha bibi kana kwamba hayupo. Na huyu binti aliniambia hajawahi kukaa hospitali. Nilimwambia kwamba amekaa kuliko kijana yeyote niliyempokea, na nikamwomba aandike yote kwenye daftari kabla hajasahau. Wengi wenu mmeuguza. Anzieni hapo.

Taratibu, kwa haraka. Kwenye hospitali andika barua kwa Mganga Mfawidhi, ipitie kwa Katibu wa Afya. Kwa zahanati ya serikali anza na mganga wa zahanati mwenyewe, atakuelekeza kama barua iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Ambatisha nakala ya kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Sema siku unazoweza. Usiandike "thieta". Hospitali za misheni mara nyingi zinajibu upesi. Ukipangiwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, nenda JKT, ukirudi utakuwa bado na wiki kadhaa kabla vyuo havijafunguliwa. Tutakusainisha kiapo cha kutunza siri. Kisome kabla ya kusaini.

Je, inasaidia kuchagua? Ningependa kusema ndiyo bila kusita. Nimempokea kijana aliyezirai alipoona kidonda cha kisukari siku ya kwanza, leo ni daktari mzuri wa upasuaji. Nimempokea mwingine aliyeng'aa wiki zote mbili, wagonjwa walimpenda, akaacha chuo mwaka wa tatu. MD ni miaka mitano na mwaka wa utarajali juu yake, na miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia na baiokemia usiku na mchana. Siku tano za kukaa benchi haziwezi kumwonyesha mtu hayo. Ninachokiona mara nyingi ni kidogo zaidi: akirudi nyumbani anawaongelea wagonjwa kama watu, kwa mambo yao, si kwa magonjwa yao. Kama hilo linamfanya daktari bora miaka saba baadaye, sina namna ya kulipima.

Yule mzazi wa Alhamisi nimeshamjibu. Kijana aje Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kliniki ya watoto, avae viatu vya kufunika vidole, aje na maji ya kunywa. Mzee mwenzangu ameandika tena kuuliza kama atapewa cheti. Atapewa kadi za chanjo azipange.