Kupimwa shingo ya kizazi: kakojoe kwanza mama

Akina mama wajawazito, hili nalisema kila siku chumba cha altrasaundi na leo naliandika liwafikie wengi. Ukiambiwa unaenda kupimwa urefu wa shingo ya kizazi, usinywe maji ukabana mkojo kama ulivyofanya kwenye altrasaundi ya mwanzo wa mimba. Kakojoe kwanza. Kibofu kikijaa kinaikandamiza ile shingo inaonekana ndefu kuliko ilivyo, mama anaambiwa yuko sawa kumbe shingo imeshaanza kufupika.

Na inafupika kimya kimya, huumwi, hutoki damu, ndo maana tunaitafuta kati ya wiki 18 na 24. Wengi wanakuwa na milimita 30 kwenda juu. Ikiwa 25 au chini kabla ya wiki 24 tunasema ni fupi, na inavyozidi kupungua ndivyo hatari ya kujifungua njiti (kabla ya wakati) inavyopanda, ingawa wapo wengi tu wenye shingo fupi wanaofikisha miezi yao.

Kupima kwa juu ya tumbo kunatosha kuangalia kwa haraka, ila picha mara nyingi haiko safi, kichwa cha mtoto kinaziba na mama mwenye mwili mkubwa haonekani vizuri. Kuna ya kuweka probu (kile kifaa cha altrasaundi tunachokishika mkononi) kwa nje tu, kwenye mlango wa uke, inawasaidia wasiotaka ya ndani, sema gesi ya kwenye utumbo huwa inaficha ile ncha ya chini.

Ya ndani ndiyo ninayoiamini. Probu nyembamba inavalishwa kondomu mpya na jeli (kama una aleji na mpira sema mapema), inaingia ukeni taratibu, halafu naivuta nyuma kidogo mpaka picha ififie ndo nairudisha kiasi cha picha kuonekana tu, maana nikikandamiza nairefusha shingo mwenyewe. Napima kutoka tundu la ndani la shingo hadi la nje, mara tatu, ndani ya dakika 3 hadi 5 kwa sababu shingo inabadilika hapo hapo ukiitazama, nachukua kipimo kifupi kuliko vyote. Sio wastani!

Najua wengi mnaogopa itamgusa mtoto au itatoa mimba. Hapana jamani, inaishia ukeni, haipiti kwenye mlango wa kizazi. Na una haki ya kuomba nesi wa kike akae na wewe.

Ikikutwa fupi kuna dawa ya projesteroni ya kuweka ukeni kila usiku, na wengine, hasa waliowahi kujifungua njiti, daktari anaweza kushauri shingo ya kizazi ishonwe. Mwenye mapacha apangiwe na daktari wake, kwao hesabu ni tofauti.

Ukipewa majibu angalia wameandika milimita ngapi na wamepima kwa njia gani. Kama ni kwa tumboni na namba ni ndogo, omba irudiwe kwa ndani wiki hiyo hiyo.