"Fundi, waifai imejaa lakini haifunguki kitu"

Nafanya kazi ya kufunga na kurekebisha faiba za majumbani hapa Dar es Salaam, na wiki hii nimetumiwa tena ujumbe ule ule: "Fundi, waifai imejaa yote lakini haifunguki kitu, kwa hiyo tatizo ni la kampuni." Ujumbe huo una sehemu tatu. Ya kwanza ni kweli, ya pili ni kweli, na ya tatu haitokani na hizo mbili hata kidogo. Huenda tatizo ni la kampuni kweli, na nitafika huko bila kumtetea mtu. Lakini mistari ile minne iliyo juu ya kioo cha simu haina habari yoyote kuhusu kampuni.

Mistari hiyo hupima kitu kimoja tu, nacho ni nguvu ya mawimbi ya redio ambayo simu inayapokea kutoka kwenye ruta. Mkata majani akipitisha panga kwenye waya wa faiba nje ya ukuta, ruta itaendelea kurusha mawimbi yake kama kawaida na mistari itabaki imejaa. Pengine simu itaongeza kialama cha mshangao pembeni, ambacho hakuna mteja wangu anayekitazama. Ni sawa na kumsikia kondakta akiita abiria kwa sauti kubwa: kumsikia vizuri hakukuhakikishii kwamba gari lina mafuta.

Hata ndani ya nyumba, mistari inasema nusu ya habari. Inaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta, lakini haionyeshi jinsi ruta inavyoisikia simu, na simu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta ili kulinda betri yake. Ndiyo maana ukiwa chumba cha mwisho unaweza kuona mistari mitatu, huku kila ukurasa unaouomba unazunguka bila kufunguka: ombi lako halifiki, au linafika baada ya kurudiwa mara kadhaa. Tena, nguvu si usafi. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika ghorofa moja la Kariakoo au Sinza unaweza kukuta ruta za majirani zimerundikana kwenye chaneli hizo hizo. Vifaa vya waifai husubiriana, kwani kwenye chaneli moja anazungumza mmoja kwa wakati mmoja. Simu nzee iliyo mbali na ruta, ambayo inapakua video polepole, hutumia muda mwingi wa hewani kuliko kompyuta mpya iliyo karibu, na wote waliobaki wanaisubiri. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kasi zaidi, ila hayapendi kuta. Ukuta wa tofali la saruji huyapunguza, nguzo ya zege yenye nondo huyapunguza zaidi, na zile kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe kule Zanzibar huyamaliza kabisa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, yaani vile vifaa vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi. Mteja anaona chumba cha kulala hakina waifai, ananunua kifaa, anakichomeka humo humo chumbani, na mistari inajaa. Anafurahi kwa siku mbili, kisha ananipigia simu kunieleza kwamba kampuni imeshusha kasi. Kampuni haijashusha chochote. Kifaa kimewekwa mahali ambapo chenyewe hakiisikii ruta vizuri, kwa hiyo kinachokirudia kwa nguvu ni ile ile intaneti dhaifu iliyokifikia. Isitoshe, kile cha bei nafuu kinachotumia masafa yale yale kupokea na kurusha hulazimika kusema kila neno mara mbili, na kasi hupungua kwa karibu nusu hata kingewekwa mahali pazuri. Mahali pake ni katikati ya safari, ambapo ruta bado inasikika vizuri. Kwa nyumba kubwa, suluhisho lisilo na ubishi ni kupitisha waya wa mtandao hadi sehemu ya pili ya nyumba na kuweka kirushi kingine huko. Najua hakuna anayependa waya ukutani. Lakini watu hao hao hutundika ruta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati lenye kioo, wakidai inaharibu mandhari ya sebule, halafu wanaomba kuongezewa kifurushi. Kifurushi kikubwa hakipiti kwenye kabati kwa urahisi kuliko kidogo.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mtu yeyote, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima waifai ya kompyuta hiyo, hakikisha hakuna mwingine anayetumia mtandao, kisha pima. Kasi ikiwa nzuri kwa waya na mbovu kwa waifai, tatizo liko ndani ya nyumba yako. Kasi ikiwa mbovu hata kwa waya, tupigie, na una haki ya kupiga ukiwa umekasirika. Kumbuka tu kwamba kasi huuzwa kwa megabiti ilhali faili hupakuliwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kifurushi cha megabiti 20 kikikuonyesha faili linashuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, umepata chako chote.

Kipimo chenyewe nacho kina mipaka yake. Programu ya kupima huchagua seva iliyo karibu, mara nyingi ndani ya nchi, hivyo inapima barabara ya hadi hapo tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini mwa bara, mtu angeweza kupata kipimo kizuri cha ndani huku huduma zilizo ng'ambo zikijikokota. Siku kama hiyo kuzima ruta na kuiwasha hakusaidii kitu.

Kuhusu waya wa faiba wenyewe nitapita haraka. Taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga unaobeba data ndani ya waya huo haufiki au umefifia mno: piga simu, wala usichukue pini ukabonyeza kitundu cha reset, kwa sababu utafuta mipangilio yote na sasa utakuwa na matatizo mawili. Vifaa vingi vya GPON, yaani mfumo ambao nyumba nyingi hugawana faiba moja, vinavyowekwa majumbani hupokea mwanga wa kati ya −8 na −27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga; −27 ndio hafifu zaidi), na kila unaposhuka kwa desibeli tatu umepoteza nusu ya mwanga. Laini iliyo kwenye −26 itaonyesha taa ya kijani, na fundi mvivu atakuambia iko sawa. Wiki ijayo mtu atasogeza sofa, waya utapinda kidogo, nayo itazimika. Mpindo huumiza zaidi mawimbi marefu ya mwanga, kwa hiyo yale ya nanomita 1490 yanayoleta data kwako hudhoofika kabla ya yale ya 1310 yanayoipeleka. Mwisho, tazama adapta. Nimekuta ruta zinazojizima na kujiwasha jioni nzima kwa sababu baada ya kuhama chumba zilichomekwa adapta ya king'amuzi. Plagi inaingia, volti ni 12 kama inavyotakiwa, ila ampea hazitoshi.

Kwenye televisheni ya kebo kosa ni lile lile, isipokuwa safari hii kifaa chenyewe kinakuonya na watu hawakisikilizi. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi utaona vipimo viwili, nguvu na ubora. Mteja hunisomea nguvu, asilimia 90, na kuacha ubora ulio chini yake ukiwa 25. Enzi za analojia, ambazo hapa Dar es Salaam zilifungwa mwishoni mwa 2012, mawimbi yakidhoofika picha ilileta chenga na ukaendelea kutazama mpira. Dijitali haina chenga: picha ni safi, safi, safi, kisha inaganda, inavunjika vipande na kutoweka. Kwa sababu hiyo "jana ilikuwa safi kabisa" si ushahidi kwamba laini ilikuwa na afya jana. Huenda ilikuwa ukingoni, na kilichoisukuma ni kile kigawanyo ulichoongeza ili chumba cha watoto nacho kipate picha. Kigawanyo cha njia mbili hupoteza karibu desibeli 3.5 kwa kila njia, na hapo sijahesabu kichwa cha waya kilichofungwa kwa meno, ambacho uzi mmoja wa wavu wa shaba unagusa waya wa kati. Kata upya, menya upya, ufunge kwa koleo lake, na nusu ya malalamiko ya kugandaganda itaisha.

Kuna mambo ambayo sisi mafundi hujifanya tunayajua. Kwa nini kuzima na kuwasha husaidia? Ruta hufuta kumbukumbu yake, huomba anwani mpya na huchagua chaneli upya, yote kwa pamoja, na ikipona sina njia ya kujua ni lipi kati ya hayo matatu lililoiponya. Nikiandika kwenye fomu "imerekebishwa", nimeandika matokeo tu, si sababu. Vilevile kuna nyumba ambazo mwanga wake ni mzuri na kipimo cha waya asubuhi hakina doa, lakini kuanzia saa mbili usiku kasi inaporomoka. GPON hugawana takriban gigabiti 2.5 za kushusha kati ya nyumba 32 au 64, lakini sidhani kama mara nyingi msongamano huwa hapo. Nashuku uko juu zaidi, kwenye njia ambazo kampuni imeuza kuliko zinavyobeba, na mimi niliyeko kwenye ngazi na koleo sizioni.

Ikiwa yako ni hiyo ya usiku, pima kwa waya saa nne asubuhi na saa tatu usiku kwa siku kadhaa mfululizo, andika tarehe, saa na kasi, kisha peleka malalamiko kwa kampuni na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na jibu, yapeleke TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiwa na namba hiyo na karatasi ya vipimo. Picha ya simu yenye mistari minne usiiambatanishe.