Plastifieni kopi, foto ya marehemu iacheni

"Fundi, hii foto iko salama, tuliiplastifia." Maneno haya nimeyasikia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hadi yamenichosha. Na yanasemwa kwa fahari, huku mwenyewe ananiwekea mezani sura ya mama yake iliyovimba kati ya plastiki mbili, doa la kuvu limeshafika shavuni. Kazi yangu ni kutengeneza foto za zamani. Zikija zimechanika, zimekunjwa au zimelowa, kuna la kufanya. Zikija zimeplastifiwa, yaani zimebanwa kwa joto kati ya plastiki mbili, karibu kila njia imekwisha kuzibwa.

Najua imani hii ilikotoka. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, na waliokuwa nayo waliikimbiza kando ya barabara, kwa kijana mwenye mashine na jenereta. Basi ikaonekana kinachofaa kadi kitafaa na foto ya harusi ya wazazi. Lakini kadi ikiharibika utaomba nyingine. Baba yako utamwomba wapi asimame tena mbele ya kamera?

Foto nyeusi na nyeupe ni chembe za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya gelatini. Ile ya rangi ni tabaka za rangi ndani ya gelatini hiyo hiyo. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Yaani ni chakula, na kuvu wanalijua hilo. Inanyonya unyevu, inalainika kwa joto. Sasa wewe unaichukua mwezi wa Aprili, mvua haijakatika, hewa ya ziwa imejaa nyumbani, unaipitisha kwenye mashine yenye joto la nyuzi 100 na zaidi. Gundi ya plastiki inayeyuka na kushika uso wa foto. Unyevu uliokuwamo unabaki humo. Siku moja kona inafunguka kidogo, maji yanaingia, na kutoka hayatoki. Mnadhani mmeijengea paa, kumbe mmeifunika sufuria.

Kufifia nako plastiki haikuzuii. Foto nyingi za rangi za miaka ya 1970 zinafifia hata zikiwa kabatini. Ndiyo maana shangazi yako amegeuka mwekundu mzima. Na Polaroid, ile foto inayotoka papo hapo kwenye kamera, isikaribie kabisa mashine ile, dawa zake zimo ndani yake.

Lakini linalonitoa roho ni foto mbili ndani ya plastiki moja, mgongo kwa mgongo, ili kulipa mara moja. Baba upande huu, mama upande ule. Nyuma ya foto ndiko watu walikoandika: muhuri wa studio, mwaka, salamu za mpenzi, majina ya watoto waliosimama mstari wa mbele. Halafu mnanionyesha mtoto wa pembeni na kuniuliza, "Fundi, huyu anaweza kuwa nani?" Mimi! Jibu lenu limegandishwa katikati, na mlilipa ligandishwe. Namulika kwa taa kali, napata herufi tatu au nne, basi.

Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua. Vitabu vya kazi hii vinasema usiplastifie kamwe, na vimeandikwa na watu wenye vyumba vikavu vinavyofungwa kwa ufunguo. Huku kwetu watu wamekimbia vita na mfuko mmoja, mvua inawanyeshea, foto ya marehemu iliyoplastifiwa imefungwa ndani ya kitenge. Albamu iliyobaki nyumbani wengi hawakuikuta. Kile kipande kibaya cha plastiki kilifika. Mama wa namna hiyo nimwambie alikosea? Siwezi, na sina hakika kwamba mimi ningemshauri vizuri zaidi. Tena kuna kilio: foto inapita mkono kwa mkono, watu wanaibusu, machozi yanadondoka, vidole vina mafuta ya chakula. Watu wanataka kumshika mtu wao. Siwakatazi.

Mshikeni kwenye kopi. Skanini foto mbele na nyuma, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), zaidi ikiwa ni ile ndogo ya pasipoti. Chapisheni, kisha hizo plastifieni mnavyotaka, hata kila mtoto na yake. Ya asili iingie kwenye bahasha ya karatasi, kabatini, mbali na sakafu na ukuta unaopigwa na mvua. Kama skana hakuna, simu inatosha: kivulini mchana, bila flashi. Ila msiniletee zile programu za kusafisha sura. Zinabuni macho. Nimeona babu wa watu amepewa meno ya tangazo la dawa ya mswaki, na dada yake mwenyewe hakumtambua.

Foto iliyogandamana na kioo cha kadre, yaani fremu, isivutwe. Leteni na kioo chake, nitaipiga foto hapo hapo.

Na iliyokwisha kuplastifiwa, msijaribu pasi, msijaribu petroli, msikate ukingo eti ipumue. Leteni ilivyo. Nitaipiga kwa taa mbili za pembeni na kichujio cha kuondoa mng'ao, na mara nyingi sura hutoka vizuri kuliko mnavyoogopa. Zikiwa mbili mgongo kwa mgongo, njooni na mzee wa ukoo anayewafahamu watu hao, mapema, angali anakumbuka.