Mizani ikipunja, shida ni roho ya muuzaji tu?

Hapa Tanga ukifika nyumbani na samaki ukakuta kilo haijatimia, utaambiwa muuzaji hana hofu ya Mungu, yani uaminifu wa biashara ni malezi na imani basi, sheria na serikali haziingii. Wengi tumekua na hilo neno, na malezi kweli yana kazi yake.

Ila chukulia jamaa mwaminifu sokoni, majirani wote wanapunja, wanauza bei ya chini kwa sababu "kilo" yao ni gramu 850, hakuna anayekagua, wateja wanamkimbia yeye, mwisho wake afunge au aige. Mkaguzi akipita kweli na faini ikalipwa, jamaa huyohuyo, dini ileile, uaminifu haumtii hasara tena. Mkaguzi akipewa chai je? Sheria inabaki karatasi.

Kucheki mwenyewe si kazi. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, tafuta stika uangalie mwaka wake. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nayo ina namba ya uhakiki, iingize mtandaoni uone kama kiasi ndo kile ulicholipa. Halafu mie hubeba chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, maji ni gramu 500, plastiki inaongeza kidogo tu, kwahiyo mizani ikisoma 600 kuna jambo. Siku moja nilivyoiweka muuzaji akacheka, akainama, akatoa mizani nyingine chini ya meza.